Sekunde Tisini za Mikumi

Damari,

Umekwenda sokoni kusuka nywele. Umesema utarudi saa kumi na moja, na mimi nimejifungia chumbani kwa kisingizio cha kusahihisha madaftari. Madaftari yapo hapa mezani, hayajaguswa. Kalamu niliyoshika ni nyekundu kwa sababu ya bluu sikuiona, kwa hiyo usishangae ukurasa huu ukifanana na kazi ya mtu aliyefeli. Aliyefeli ni mimi, si wewe.

Kesho asubuhi unapanda treni kwenda Dar. Sitakuagiza ule, sitakuagiza ulale mapema, na sitakuagiza umsalimie shangazi yako Perisi. Mambo ya kukuagiza usalimie watu nimekoma, na unajua kwa nini.

Jumapili tulikuwa tunachambua mchele, wewe na mimi, ukaniomba kitu kimoja. Ulisema, "Mama, Alhamisi saa nne asubuhi nafanya mtihani wa benki. Niahidi hutapiga simu. Si kabla, si katikati, hata ya kuniombea usipige."

Nikakujibu kwa hotuba. Nilianza na mabenki, nikapita kwa wakoloni, nikaishia kwenye bei ya mahindi. Ulisubiri nimalize, ukamimina mchele kwenye sufuria, ukasema, "Sawa, mama." Ulisema kwa upole, lakini jibu hukupata. Leo Jumanne bado hujalipata. Kuahidi kunyamaza ni kitu ambacho mdomo wangu haujawahi kujifunza, ndiyo maana naujaribu mkono.

Nianze na Mikumi, kwa sababu kila nikianzia pengine najikuta najitetea.

Unakumbuka wiki ile ya mwaka jana, mvua zilivyotukatia mtandao hapa Kilosa, na linki ya mtihani wako wa kwanza wa benki inakaribia kufungwa. Baba yako, ambaye magari ya watalii anayaendesha kule kule Mikumi, akatupatia chumba kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Uliipandisha kompyuta juu ya makreti mawili ya soda ili kamera iwe sawa na macho yako. Ulitundika shuka jeupe ukutani kuficha kalenda yenye picha ya simba. Mlangoni ukabandika karatasi: MTIHANI UNAENDELEA, TAFADHALI. Mimi ukanipa kigoda cha ulinzi kwenye korido. Nilikaa pale kama askari wa getini, malori ya Tunduma yananguruma nje, na kila aliyepita na ndoo nilimtolea macho.

Sehemu ya kwanza, ya majedwali na asilimia, ukaimaliza. Ya pili, ya maumbo yanayozunguka, ukaimaliza pia. Ukafungua mlango kidogo, ukanionyesha dole gumba, ukafunga. Ikabaki ya video. Ulikuwa umenieleza usiku uliotangulia: swali linatokea kwenye kioo, unapewa nusu dakika ya kufikiri, kisha kamera inawaka na una sekunde tisini za kujibu. Hakuna kurudia. Upande wa pili hakuna mtu. Watu wataitazama baadaye, au mashine itawatazamia.

Niliuliza, "Hakuna mtu kabisa?"

Ukasema, "Hakuna, mama. Unaongea na taa."

Nilicheka, nikasema huo si usaili, huo ni wazimu. Hapo ndipo kosa lilipoanza. Mimi nimelelewa kujua kwamba heshima anapewa mtu, na wakati anapewa mtu. Mahali ambapo hakuna mtu, unaweza kuinuka ukaenda zako, na hakuna atakayesema umemdharau. Hivyo ndivyo nilivyojua.

Basi la kutoka Iringa likasimama ili abiria wale chakula. Akaingia uani Mwalimu Senyagwa, na fimbo yake, na koti lake lile la kahawia. Wewe unamjua kama mzee wa Berega anayekuletea asali. Mimi namjua kama mtu aliyetembea kwenye matope hadi kwa babu yako, nikiwa na miaka kumi na minne na mahari yangu imeshaanza kuzungumzwa, akamwambia, "Huyu haolewi. Huyu anasoma." Kila sentensi niliyowahi kuandika imetoka kwenye siku ile.

Nikasimama. "Mwalimu, shikamoo!"

"Marahaba, Foibe. Bado unagombana na watu?"

"Nikiacha nitaugua, mwalimu."

"Ugua kidogo, wapumzike." Akacheka na meno yake mawili. "Na yule binti wa mahesabu yuko wapi?"

"Yumo humu. Anafanya mtihani wa benki ya nje."

"Mwache, basi."

Alisema hivyo, Damari. Alisema mwache. Mwaka mzima nimejifanya sikumbuki, lakini masikio yangu hayana ugonjwa. Niligeuka nikagonga mlango.

"Damari! Toka umsalimie babu yako."

Ukajibu kwa sauti ya chini sana, "Mama, nusu dakika."

"Mtu mzima hasubirishwi nusu dakika."

Nikagonga tena. Ukasema, "Mama, inarekodi." Nikagonga mara ya tatu, kwa kiganja, hata karatasi yako ikaanguka. "Inarekodi nini? Kwani humo kuna mtu?"

Ukatoka. Waya wa masikioni ulikuwa umeuvaa shingoni kama mkufu. Ulipiga goti vizuri, ukatoa mikono miwili, ukasema, "Shikamoo, babu." Akakujibu marahaba, akasema umekua, akakushika kichwa. Nilikutazama nikavimba kama chapati. Nilimwangalia mwalimu wangu usoni nione kama ameona: ulikomboa mtoto mmoja, tazama sasa, wako wawili, na adabu haijapotea.

Ulipoinuka macho yako hayakuja kwangu. Ulirudi ndani. Kamera ilikuwa imekwisha kurekodi kiti kitupu, shuka, na sauti yangu.

Jibu la benki lilikuja baada ya wiki mbili, kwa barua pepe. Wanashukuru, wanasikitika, wanakutakia mema. Uliisoma mara moja, ukaenda kuanua nguo.

Ungedhani hapo ningekuomba radhi. Mtu mwenye akili zake angeomba. Mimi nilichukua kalamu. Siku tatu nilikaa kwenye meza hii nikaandika makala dhidi ya mabenki ya uwekezaji yanayowachuja watoto wa shamba kwa kamera na saa, yanayompima binti wa Kilosa kwa kipimo cha mtoto mwenye chumba chake na kiyoyozi chake. Gazeti likaichapa. Ilikuwa makala kali na, nakuambia bila aibu, sehemu kubwa yake ilikuwa kweli. Ofisini walimu wakaikata wakaibandika ubaoni. Kijana wa bodaboda pale stendi akanisimamisha: "Mwalimu, umewachapa wale!" Nikatembea wiki nzima nikiwa mrefu.

Wewe uliisoma umesimama jikoni, mikono ina sabuni. Ukasema, "Umeandika vizuri, mama." Ukarudi kwenye vyombo.

Maneno mengi yale, na hodi tatu hazimo. Nilichukua maumivu yako nikayageuza kuwa hoja yangu. Nilipowalaani watu kwa kukunyima sekunde tisini, mnyang'anyi alikuwa amekaa kwenye kigoda anachonga kalamu.

Kilichonivunja si dhamiri yangu. Dhamiri yangu ni wakili mzuri mno wa nafsi yangu. Kilichonivunja ni Mwalimu Senyagwa mwenyewe. Nilimpelekea makala Pasaka, nikiwa natarajia sifa. Aliisoma yote kwa miwani ile iliyofungwa uzi, akaikunja.

"Pale Mikumi, mtoto alikuwa anafanya mtihani huu huu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ule niliokwambia umwache aufanye?"

Nikanyoosha mkono kuichukua makala.

"Foibe, mimi pale nilikuwa natafuta choo. Basi lilikuwa linaondoka. Aliyetaka kuamkiwa ni wewe."

Nimebishana na maofisa, na wachungaji, na wahariri. Sentensi ile sikuweza kuibishia hata neno. Nilirudi Kilosa nikiwa na miaka kumi na minne tena.

Sasa wamekuita mara ya pili. Mwakani utakuwa umehitimu chuo, na mafunzo haya ya kazi benki inawapa walio bado masomoni tu. Kwa hiyo baada ya Alhamisi hakuna mara ya tatu. Wewe hulisemi hilo. Unaamka unafanya mazoezi, unakula unafanya mazoezi. Mimi nalisema moyoni kila dakika, ndiyo maana mwezi huu nimekuwa kero ndani ya nyumba. Nimeona unavyoinua mabega ninapoingia.

Nikuambie nilichokiona katika mwezi huo, halafu uamue mwenyewe kama kina maana.

Siku ile nilipokupimia muda kwa simu, ulikutana na jedwali la viwanda viwili na bei za kubadilisha fedha. Ulisimama hapo. Ukasema jedwali limekosewa. Ukaandika nusu ukurasa kuthibitisha limekosewa, na kweli lilikuwa limekosewa, nimelipitia mwenyewe. Simu ikalia. Maswali saba hukuyafikia.

Nikapiga makofi. "Umewashika!"

Ulinitazama kwa uchovu ambao sijawahi kuuona kwa mtoto. "Mama, nimefeli."

Usiku ule sikulala vizuri, maana niliona nilichokurithisha. Si macho, si kimo. Ni kushindwa kuliacha jambo ambalo una haki nalo. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa jedwali lililokosewa. Nimelisimamia, nimelithibitisha, na maswali saba yamenipita.

Unaikumbuka Kisanga kama nyumba ya utoto. Unakumbuka mashamba ya mpunga na mbwa yule mweupe. Hujawahi kuuliza tulifikaje kule, na mimi nimekuwa nikisema tulihamishwa kikazi, kama watu wote wanavyohamishwa. Ukweli ni huu. Nilikuwa nafundisha hapa mjini, kwenye shule nzuri, na mkuu wetu alisimama mbele ya wazazi akasoma wastani wa mtihani ambao haukuwa sahihi. Hakuwa mwizi wa alama. Alikuwa amekosea kujumlisha, basi. Ningeweza kumwandikia kikaratasi. Ningeweza kungoja wazazi watoke. Nilisimama katikati ya ukumbi, nikiwa na wewe mgongoni, nikasoma hesabu sahihi kwa sauti, nikamalizia na maneno mawili ya kejeli ambayo wazazi waliyacheka sana. Niliyafurahia maneno yale mawili kuliko ile hesabu.

Mwezi uliofuata nikaletewa barua ya uhamisho. Kisanga ulipata homa tatu msimu mmoja, na baba yako alikuwa Mikumi, na barabara ilikuwa haipitiki. Nilikubeba hadi zahanati nikijiambia: lakini nilikuwa sahihi. Nilikuwa sahihi kabisa. Ulikuwa unachemka kama jiwe la mekoni, na mimi nilikuwa sahihi.

Ndiyo maana tuligombana wiki iliyopita juu ya swali lile la mazoezi: meneja wako amekosea takwimu mbele ya mteja, panga hatua kuanzia iliyo bora. Nilisema hatua ya kwanza ni kusema hapo hapo. Ulisema hapana, ya kwanza ni kumwandikia meneja ujumbe mfupi palepale, arekebishe mwenyewe kabla mteja hajaondoka.

Nikakuita mwoga. Nikasema, "Hao wanafundisha watoto wetu kuinamisha vichwa."

Ukasema, "Mama, takwimu inarekebishwa siku hiyo hiyo. Unachotaka wewe ni irekebishwe, au uonekane umerekebisha?"

Nilitoka nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Sikuambii unyamaze huko uendako. Ukinyamaza mahali pa kusema nitajua, hata ukiwa Nairobi kwenye ofisi zao, na nitakuja. Nakuambia tu kwamba mimi nilichanganya vitu viwili, ukweli na sauti yangu mwenyewe, kwa muda mrefu kiasi kwamba mtoto wa miaka ishirini na mbili alilazimika kunitenganishia kwa swali moja, akiwa anamenya kitunguu.

Na hukuwa mwoga pia pale binamu yako Keli alipokuletea habari za kundi la simu linalouza majibu. Alisema kila mtu anafanya hivyo, na kwamba kuna mtu atakukalia mtihani mzima kwa jina lako. Ulimjibu, "Na siku ya kwanza ofisini atanikalia nani?" Akaondoka anacheka. Nilijivuna sana. Kisha jioni ile ile, mimi mwalimu wa miaka ishirini na mitano, niliyewahi kumfukuza mtoto darasani kwa kuandika majibu kwenye paja, nikakuambia kwamba ningeweza kukaa chini ya meza, nje ya jicho la kamera, niinue karatasi ukikwama.

"Unataka kuwa bango, mama?" Ulicheka hadi ukakaa chini.

Mimi sikuwa natania. Nilipoona unacheka nikajifanya natania. Sasa unajua.

Baada ya kicheko kile ndipo ulipokata tiketi ya kwenda kwa shangazi. Ulisema kule mtandao hauyumbi. Nilikubana, kama ninavyobana kila mtu: mtandao tu? Ukaangalia mlangoni, ukasema, "Nataka kufanya mahali ambapo hodi haipigwi."

Nilikasirika siku mbili. Nilimpigia baba yako Mikumi nikamwambia mtoto ananikimbia. Akasema, "Mama Damari, hakukimbii. Anaenda kwenye mtihani." Akakata, ana wageni garini. Yule mwanaume huwa anasema sentensi mbili kwa wiki na zote zinauma.

Sasa kuhusu hao watu wenyewe. Hujaniomba nibadili mawazo, na sijabadili. Ninaamini bado kwamba benki ya uwekezaji ni mahali ambapo mtu asiyewahi kushika jembe anakutana na mtu mwingine asiyewahi kushika jembe, wanaamua shamba litakuwa na faida gani, na kila mmoja anaondoka na chake kabla mvua hazijanyesha. Nimesoma vitabu vyao. Nimesoma na vya wanaowapinga. Nikifa leo mniandikie hivyo kaburini.

Lakini ulinijibu mwaka jana, garini, tukitoka Mikumi, kabla hata hujajua umekosa. Nilikuwa nimeanza tena. Ulisema, "Unawatukana lakini hujui wanavyohesabu. Mimi nataka kujua wanavyohesabu." Tulikuwa tumefika karibu na njia panda. Nilianza kutafuta jibu, na hadi leo nalitafuta.

Nimefikiria reli. Kesho utapanda treni ile mpya ya umeme hapa hapa Kilosa, na kuna watu walikaa mezani, wakiwa na majedwali kama ya kwako, wakakokotoa ipite wapi, ipande mlima kwa njia ipi, isimame wapi. Sijui walikuwa akina nani. Najua kwamba mimi nilikuwa hapa naandika barua kwa wahariri, na reli ikapita ilipokokotolewa. Kama katika meza moja tu ya namna ile angekuwepo mtu aliyewahi kuumwa homa Kisanga barabara ikiwa haipitiki, pengine angeuliza swali lingine. Sisemi angeshinda. Angeuliza.

Sasa lile ambalo nimelizunguka tangu ukurasa wa kwanza.

Swali la video la Mikumi najua lilikuwa lipi. Lilikuwa lile ulilojiandaa nalo kuliko yote: kwa nini unataka kazi hii. Ulikuwa umelifanyia mazoezi mwezi mzima, na kila nilipoingia chumbani ulikuwa unanyamaza, kwa hiyo sikuwahi kulisikia jibu lako. Ila siku ile, nikiwa mlangoni na mkono umeinuliwa, nilikusikia. Ulikuwa unasema Kiingereza chako kile cha taratibu. Ulisema umekulia Kilosa. Ukasema, "Na mama yangu..."

Hapo nikagonga mara ya pili.

Nilisikia, Damari. Nilisikia umenitaja, na bado mkono ukashuka. Pengine niliogopa kinachofuata. Pengine sikuogopa chochote, nilikuwa tu mtu aliyezoea kwamba yeye akitaka kusema, wengine wanasubiri. Mwaka mzima nimekaa na nusu ya sentensi ile. Nimejaribu kuimalizia kila namna. Na mama yangu alinifundisha. Na mama yangu ni mgomvi. Na mama yangu hawezi kuniacha nimalize. Mchana nachagua moja, asubuhi naona hapana, ni nyingine.

Nimetaka kukuuliza mara nyingi, na kila mara nilijua kwamba kuuliza kungekuwa hodi ya nne.

Kwa hiyo sikuulizi. Malizia sentensi ile Alhamisi, kwa namna yoyote ilivyo, hata kama ni mbaya kwangu. Iambie ile taa. Una sekunde tisini na zote ni zako. Mimi sitaisikia, na nimeamua kwamba naweza kuishi bila kuisikia.

Jana nimeibandua makala ubaoni ofisini. Mwalimu mwenzangu aliuliza, "Mbona unaitoa, ilikuwa inatupamba?" Nikasema ina kosa. Akasema, "Kosa wapi? Nimeisoma mara tano." Nikamwambia kuna sentensi moja haipo. Alidhani najidai. Nimeiandika ile sentensi leo kwa mhariri, bila jina lako, kwa mistari minne. Ni kitu kifupi kuliko vyote nilivyowahi kumpelekea, atadhani nimeugua.

Na hiki ndicho ulichoniomba Jumapili. Alhamisi nimeomba ruhusa kazini. Nitapanda gari la alfajiri kwenda Berega kwa Mwalimu Senyagwa, na simu nitaiacha hapa nyumbani, ndani ya kabati la vyombo, imezimwa. Kule nitamchemshia chai. Nimemwambia ninachokuja kufanya, akasema, "Njoo, na mimi nitakushika mkono ukianza kuinuka." Sitapiga kabla. Sitapiga katikati. Kuomba nitaomba, lakini kwa kimya, kama baba yako.

Ninaahidi.

Nimeliandika neno hilo taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa hiyo usicheke mwandiko.

Nasikia geti. Umerudi mapema, na bila shaka kichwa kinakuuma kwa kusukwa. Utaingia jikoni utafute chai, na mimi nitatoka na uso wa mtu aliyekuwa anasahihisha madaftari. Barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa kompyuta, uikute ukifika kwa shangazi, siyo kabla, maana ukiisoma hapa tutalia wote wawili na mimi nitaanza kueleza.

Alhamisi saa nne, funga mlango. Ukisikia hodi, hata ukidhani ni mimi, kaa.

Mama yako,
Foibe